Makochi Yaliyoandikwa kwa Jina la Mama

Hospitali ilimnyima mama yake Sponji msamaha wa gharama za upasuaji wa jicho. Sababu ilikuwa moja. Kompyuta ilisema mama huyo ana biashara.

Mama huyo hakuwa na biashara. Alikuwa na kitanda, sanduku la nguo, na jicho la kushoto lililokuwa likifa. Biashara ilikuwa ya mwanawe.

Sponji si jina alilopewa na wazazi. Watu walimpa kwa sababu ya kazi yake ya jioni. Mchana alikuwa mfagiaji katika karakana ya magari. Alifagia vipande vya vyuma, akamwaga mchanga penye oili, akafunga lango. Mshahara wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba mwajiri hakuukata kodi hata senti moja. Jioni na siku za mapumziko alitengeneza makochi nyumbani. Alivua kitambaa kikuukuu, aking'oa misumari mmoja mmoja. Alikaza mikanda ya chini, akakata sponji mpya kwa kisu cha mkate, akavisha kitambaa kipya. Mkono wake ulikuwa mzuri. Kochi liliingia kwake limebonyea kama punda mzee, likatoka limetunisha kifua.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Kochi la mteja likiwa ukumbini, watu walipita kwa ubavu. Watoto walifanyia kazi zao za shule juu ya makochi ya watu, kwa masharti ya kutumia penseli tu. Viatu juu ya kochi la mteja vilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja sahani. Mkewe alishona foronya za mito na kumeza vumbi. Alikuwa akisema amekalia makochi mazuri mengi kuliko mke wa waziri, ila hakuna hata moja lililomaliza mwezi kwake.

Mama yake Sponji alilala chumba kimoja na wajukuu. Naye alikuwa na kazi yake. Alinyoosha misumari. Misumari iliyong'olewa ilimwagwa kwenye bati mbele yake, naye aliigonga kwa nyundo ndogo mpaka ikanyooka, kisha akaitia koponi. Msumari ulionyooshwa ni msumari usionunuliwa. Kila jioni mtaa mzima ulisikia ko, ko, ko. Wajukuu walisema bibi anapiga simu kwa babu aliye kaburini. Bibi alijibu kwamba babu hajawahi kupokea simu hata alipokuwa hai.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Hawakuwa na kitu, lakini hawakulala na njaa.

Kosa lilianza miaka miwili kabla ya siku ya hospitali. Msimamizi wa nyumba moja ya wageni alimletea Sponji kazi ya viti vingi. Hiyo ilikuwa neema. Lakini msimamizi alikuwa na sharti. Hakutaka kulipa taslimu. Alitaka kulipa kwa simu, kwenye namba ya malipo ya biashara, ili apate risiti ya kumwonyesha mwenye nyumba.

Sponji hakuwa na namba hiyo. Alikwenda kwa shemeji yake kuomba ushauri.

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, alikuwa kinyozi. Watu walimwita Wakili. Hakusoma sheria. Hakusoma chochote zaidi ya bei ya nyembe. Lakini mtu akikaa kwenye kiti chake na shingo imefungwa kitambaa, hana pa kukimbilia, na Wakili alimshauri juu ya ndoa, viwanja, talaka na maradhi ya tumbo.

Sponji alimwambia kwamba anataka kusajili namba ya malipo. Wakili alizima mashine.

"Kwa jina lako, shemeji? Wewe una mshahara. Wakikuona una mshahara na una kochi, watakuja kukuhesabia hadi misumari."

"Sasa nisajili kwa jina la nani?"

"La mama. Mzee wa umri ule, nani atamdai kodi? Hata serikali ina haya."

Mteja aliyekuwa akingoja kunyolewa alicheka. Sponji naye alicheka. Ushauri ulimkaa vizuri, kwa sababu ulifanana na hofu yake. Sisi watu wa kipato kidogo tuna ugonjwa mmoja. Tunaogopa ofisi kuliko tunavyoogopa njaa. Njaa tumeizoea.

Basi Sponji akamchukua mama yake hadi kwa wakala wa simu. Akamwambia ni laini ya simu ya nyumbani. Mama hakuuliza. Mwanawe akimwambia weka kidole hapa, anaweka. Aliweka kidole gumba, akapigwa picha, akarudi nyumbani kunyoosha misumari. Kadi ya simu ilikaa kwenye simu ya Sponji. Mama hakuisikia ikilia hata siku moja.

Kuanzia hapo wateja wote walilipa kwenye namba hiyo. Sponji hakutoa taarifa kwa ofisi ya kodi, si kwa jina lake wala kwa jina la mama. Alijiona mjanja. Alipokutana na Wakili walipigana kumbo kama wezi wa maembe.

Kisha mama akaanza kujigonga vidole.

Mwanzo walidhani ni uzee wa mkono. Nyundo ilipiga pembeni. Kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi, kisha ya kidole cha shahada. Mkwe wake akaona jambo jingine. Bibi akitaka kutazama mtu aligeuza kichwa chote, kama kuku. Walimpeleka hospitali ya serikali.

Daktari alimpima muda mrefu. Alisema ni presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho hayatoki inavyotakiwa, yanabana mshipa wa kuonea, na mshipa unakufa polepole bila maumivu. Jicho la kushoto lilikuwa limeumia sana. La kulia lilikuwa limeanza. Alitoa dawa ya matone, akasema matone ni ya kushikilia tu. Upasuaji ulihitajika haraka, kuanzia la kushoto.

"Nisikilizeni vizuri," alisema. "Kilichopotea kwenye ugonjwa huu hakirudi. Tunaokoa kilichobaki. Msikae nyumbani."

Gharama ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa Sponji wa nusu mwaka. Lakini hospitali ilikuwa na msamaha kwa watu wasio na kipato. Muuguzi aliwaelekeza dirishani. Mke wa Sponji alibaki kwenye benchi akiwa na mifuko. Sponji alimshika mama mkono, wakaenda wawili.

Karani aliomba kitambulisho cha mama. Akaandika namba yake. Akatazama kompyuta, akamtazama mama, akatazama tena kompyuta.

"Bibi, biashara inakwendaje?"

Mama alitabasamu. Alidhani anataniwa. "Biashara gani, mwanangu? Ningekuwa na biashara ningekuja na viatu hivi?"

"Hapa panaonyesha una namba ya malipo. Fedha zinaingia kila wiki, miaka miwili sasa. Imeandikwa utengenezaji wa makochi."

Mama aligeuza kichwa chote, akamtazama mwanawe kwa jicho la kulia. Sponji alikuwa akitazama bango la kunawa mikono. Lilikuwa na picha ya sabuni. Aliitazama sabuni hiyo kana kwamba anataka kuinunua.

Karani alingoja.

"Sijui, mwanangu," mama alisema hatimaye. "Mambo ya simu siyajui. Uzee."

Karani hakuwa mtu mbaya. Alisema hawezi kuandika kwamba bibi hana kipato wakati rekodi inasema anacho. Waende ofisi ya kodi wakasahihishe. Wakileta cheti kwamba kipato ni kidogo, upasuaji ni bure.

Njiani Sponji alimweleza mkewe kwamba wameandikwa kwenye foleni, wataitwa. Mama alisikia uongo huo. Alikuwa mbele yao hatua chache, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Hakugeuka.

Jioni ile Sponji alikwenda kwa Wakili. Alimkuta akifagia nywele. Alimweleza yote, akamwuliza kama aende ofisi ya kodi akaseme ukweli. Wakili aliegemea fagio lake. Alisema kosa sasa ni mawili: kuficha mapato, na kutumia jina la mtu mwingine. Alisema mtu wa namna hiyo hatoki pale ofisini kwa mlango alioingilia.

"Ukienda, shemeji, umejipeleka mwenyewe buchani, tena umebeba na kisu. Tafuta fedha, mlipie mama, yaishe."

Sponji akafuata ushauri wa kinyozi mara ya pili.

Akatafuta fedha kwa njia pekee aliyoijua. Alichukua makochi zaidi. Ukumbi ulijaa, kochi moja likasimamishwa kwa mgongo chooni. Alifanya kazi mpaka vidole vikapasuka. Wateja walilipa. Nao walilipa wapi? Kwenye namba ileile. Kila kochi alilomaliza lilimwongezea mama utajiri kwenye kompyuta. Mtu alikuwa akichimba shimo ili apate udongo wa kulifukia.

Fedha hazikutosha. Bei ya sponji ilipanda, ya kitambaa ikapanda, mtoto akaumwa koo. Wiki zikapita. Mkewe aliuliza kuhusu foleni, naye akajibu kwamba hospitali zina watu wengi. Mama hakuuliza kitu. Alitiwa matone yake asubuhi na jioni, akasema ahsante, akakaa kwenye bati lake. Ko, ko. Halafu kimya. Halafu ko.

Siku moja mkwe wake alimkuta ameshika msumari mkononi, anautafuta chini.

"Mama, msumari unao."

"Najua," bibi alisema. "Natafuta mwenzake."

Mke wa Sponji alichuchumaa mbele yake. Alimfunika jicho la kulia kwa kiganja, kwa upole, akamwuliza anaona nini.  Bibi akasema anaona usiku.

Asubuhi yake, mke wa Sponji hakumwambia mtu. Alikwenda hospitali peke yake kuuliza foleni imefika wapi.

Sponji aliporudi kutoka karakana alimkuta mkewe amekaa juu ya kochi la mteja, kochi la kitambaa cheupe, na miguuni ana viatu. Viatu vilikuwa juu ya kochi. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni wakimtazama mama yao kama aliyepagawa.

"Vua viatu," Sponji alisema.

"Hakuna foleni," mkewe alisema. "Nimeambiwa mama ana biashara ya makochi. Nikasema, kumbe. Nikasema, hongera yake."

Sponji aliketi sakafuni, kwenye vumbi la sponji. Alimweleza mkewe namba, kidole gumba, Wakili, na hofu yake. Mkewe hakupiga kelele. Alimwuliza jambo moja tu: alikuwa anaogopa nini, kupoteza kazi ya kufagia? Sponji alisema aliogopa kufungwa. Mkewe alisema kesho haendi karakana. Ataenda ofisi ya kodi, na yeye mwenyewe atamsindikiza hadi mlangoni, kwa sababu mwanamume aliyeweza kumdanganya mama yake anaweza pia kupotea njia iliyonyooka.

Sponji alikwenda amevaa mashati mawili na soksi nzito. Mfukoni alikuwa na mswaki. Wakili aliwahi kusema mahabusu kuna baridi.

Ofisini alielekezwa kwenye meza ya wanaohitaji maelezo. Afisa alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alikuwa na mafua na alikuwa amechoka. Sponji alisema alichokuja kusema bila kupumua, kama mtoto anayemeza dawa chungu. Afisa alimwacha amalize.

"Mswaki wa nini?" aliuliza. Ulikuwa umechomoza mfukoni.

 Mkewe alijibu kwa niaba yake. Afisa akafuta pua, akasema wangapi anawaona hapo na miswaki yao. Kisha akavuta karatasi.

Aliuliza mshahara wa karakana ni kiasi gani kwa mwaka. Akauandika. Akauliza kochi moja la watu watatu mteja analipa kiasi gani. Akauliza katika fedha hizo, sponji inachukua ngapi, kitambaa ngapi, gundi, misumari, mkokoteni wa kubebea. Sponji alijua hesabu hiyo kuliko alivyojua umri wa watoto wake. Katika kila sehemu kumi za fedha ya mteja, sehemu saba zilikwenda dukani. Tatu ndizo zilizobaki kwake.

"Basi mapato yako ni tatu, si kumi," afisa alisema. "Fedha inayopita mkononi si fedha inayobaki mkononi. Sisi hatutozi kodi sponji ya mteja. Lakini kompyuta inaona kumi zinaingia kwa mama yako. Saba haizioni, kwa sababu hakuna aliyekuja kuzizungumzia."

Alijumlisha zile tatu za mwaka mzima na mshahara wa karakana. Akapiga mstari. Chini ya mstari aliandika namba nyingine na kumgeuzia karatasi.

"Hiki ndicho kiwango cha serikali. Aliye chini ya hiki halipi kodi ya mapato. Wewe uko chini. Mwaka juzi ulikuwa chini, mwaka jana ulikuwa chini."

Sponji alitazama zile namba mbili. 

"Kwa hiyo nadaiwa ngapi?"

"Kodi? Hudaiwi kitu."

"Na wakati ule, kama ningekuja?"

"Usingedaiwa kitu. Ungejaza fomu, ungerudi nyumbani."

Mkewe alisimama, akaenda dirishani, akatazama nje.

Afisa aliendelea kwa sababu kazi yake ilikuwa kueleza. Alisema watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kutoa taarifa ni jambo moja, kulipa ni jambo jingine. Mtu mwenye mshahara mdogo akipata kibarua cha pembeni, awe anasuka nywele, anauza maandazi, anashona au anatengeneza makochi, anatakiwa aseme. Ajumlishe mshahara na faida ya kibarua. Akiwa chini ya kiwango, hatalipa, ila amesema. Akiwa juu, atalipa kwa kile kilichozidi tu, si kwa chote. Kiwango hubadilika, kwa hiyo kila mwaka mtu aulize ofisini, asiulize kwenye kiti cha kunyolea. Risiti za dukani azitunze, maana ndizo zinazoonyesha kwamba saba si zake. Na namba ya malipo iwe kwa jina la anayefanya kazi. Akiweka jina la mama, mama ndiye mwenye biashara. Akiweka jina la mtoto, mtoto ndiye. Kompyuta haijui mapenzi wala ujanja. Inajua jina.

"Na faini?" Sponji aliuliza.

Faini ilikuwepo, kwa miaka miwili ya kutotoa taarifa. Lakini alikuwa amekuja mwenyewe kabla ya kuitwa, kwa hiyo ilikuwa ndogo, na aliruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Kuhusu rekodi ya mama, ilibidi ithibitishwe kwamba biashara si yake. Alete risiti za duka la sponji. Alete maandishi ya wateja kwamba aliyewatengenezea ni yeye. Na mama mwenyewe aje aeleze.

Sponji alizunguka. Mwenye duka la sponji alikuwa na nakala za mauzo, akamtolea huku akinung'unika. Msimamizi wa nyumba ya wageni aliandika barua bila kulalamika. Mwenye kochi jeupe aligoma kuandika lolote, kwa sababu ya alama ya viatu. Sponji alilifunika upya kochi hilo kwa gharama yake.

Kisha wakamleta mama ofisini. Mkwe alimshika mkono wa kushoto, upande ambao sasa hakukuwa na mlango, wala ukuta, wala mtu. Afisa alimpa kiti. Alimweleza taratibu kwamba mwanawe aliandikisha namba ya malipo kwa jina lake, akamwuliza kama aliijua biashara hiyo.

"Niliijua," mama alisema.

Sponji aliinua kichwa.

"Uliijua lini, bibi?"

"Siku ile hospitalini. Kijana aliposema makochi. Makochi tunayo sisi."

"Mbona hukusema pale pale?"

Mama aligeuza kichwa chote, akamtafuta mwanawe kwa jicho la kulia mpaka akampata.

"Nilimwona anatazama ukuta," alisema. "Nikajua ameogopa. Nikasema nikifungua mdomo watamfunga. Nikapima. Jicho langu limeona mambo mengi, limechoka. Watoto wake wana baba mmoja. Nikanyamaza, nikamsubiri yeye aseme."

Afisa alivua miwani. "Bibi, hakuna aliyetaka kumfunga. Hakuwa anadaiwa hata kodi."

"Ndiyo mnaniambia leo," mama alisema.

Ofisi iliendelea na kelele zake. Mtu wa meza ya pili aliita namba inayofuata. Sponji alitaka kusema neno, mdomo ukafunguka, neno likakosekana. Mama yake akamsaidia, kama alivyomsaidia maisha yake yote.

"Miaka miwili nimekuwa tajiri," alisema, "na wewe hukuniambia. Ningekununulia hata shati."

Kisha akauliza kidole aweke wapi.

Cheti kilitoka kikiwa na maneno machache: kipato hakuna. Walikipeleka hospitali siku ileile. Karani alikipokea, akampangia bibi upasuaji bila malipo. Daktari alilipima jicho la kushoto kwa taa. Akazima taa. Hakuwaficha. Mshipa ulikuwa umekwisha. Wangekuja na cheti mara baada ya ile siku ya kwanza, kulikuwa na cha kuokoa. Sasa upasuaji ungefanywa kwenye jicho la kulia.

Ulifanywa, na jicho la kulia lilipona. Daktari anasema likitunzwa litamfikisha bibi mbali. Matone anatiwa bila kukosa.

Siku hizi namba ya malipo iko kwa jina la Sponji. Risiti za dukani zinakaa kwenye kopo, karibu na kopo la misumari. Kila mwaka anavaa shati moja, anakwenda kwa yule afisa, anajaza fomu yake. Mwaka wa kwanza alikuwa chini ya kiwango. Mwaka wa pili alikivuka kidogo kwa sababu ya viti vya ukumbi wa mikutano, akalipa kodi kwa ile ziada. Ilikuwa bei ya mfuko mmoja wa pamba. Alipopata risiti yake aliikunja, akaitia mfukoni, akaketi kwenye ngazi za ofisi mpaka mlinzi akamwuliza kama anaumwa.

Wakili naye alikwenda kutoa taarifa ya kazi yake ya kunyoa. Alikwenda amevuta kofia mpaka puani. Afisa alimtambua kwa maswali yake. Siku hizi ananyoa kimya, na wateja wanasema mashine yake ina kelele ambayo zamani hawakuisikia. Alipokuja kumwomba radhi mama wa Sponji, bibi alimwambia asogee upande wa kulia kwanza, amwone anayeongea ni nani.

Kila jioni nyundo inasikika tena. Inakwenda polepole. Bibi ameinamisha kichwa upande, na Sponji humpangia misumari yote upande wa kulia wa bati. Hawajazungumza tena habari ile. Anampangia misumari tu.

Gharama ya kuficha ilikuwa hii. Kodi iliyokwepwa kwa miaka miwili: hakuna, maana haikuwepo. Faini: ufundi wa kochi moja la watu watatu. Kitambaa cheupe na gundi. Mshahara wa siku nne za karakana. Jicho la kushoto la mama yake.